Mwezi wa Kumi wa Mama Mshauri

Mwezi wa kumi Mama Mshauri alikuwa hapatikani. Ukifiwa, ungesubiri. Ukigombana na mume, ungesubiri pia, na ungejilaumu kwa kuolewa na mtu asiyejua kalenda. Simu yake iliita mpaka ikachoka yenyewe. Ukienda kugonga mlango wake pale Newburg, ulisikia televisheni, ukasikia umati wa watu wakipiga kelele, halafu ukasikia sauti ya mwanamke mtu mzima, mshauri wa akina mama katika kanisa letu la Louisville, ikimkaripia mwanamume aliyekuwa mbali sana naye: "Hapana, papa. Hapana. Ile mpira ulikuwa unaiacha ipite."

Wakati huo wa mwaka ndipo zinapochezwa mechi za mwisho za besiboli, zile za kutoana mpaka abaki bingwa. Watu wengine wa kanisa walidhani anafanya maombi maalumu. Hakuwahi kuwaambia ni maombi. Hakuwahi kuwaambia si maombi.

Watu wetu wakitaka kukueleza habari za mtu huanza na mlima aliotoka, wakaja kwa baba wa baba yake, wakamalizia na ng'ombe. Mimi nitayaruka yote hayo, kwa sababu yeye aliyaruka. Akiulizwa anatoka wapi alijibu, "Kambini." Muulizaji asiporidhika aliongeza, "Kambi ilikuwa kubwa. Utafute vizuri."

Kazi yake kanisani ilikuwa kukaa na mabinti wanaokaribia kuolewa na kuwaeleza yale ambayo mama zao waliona haya kuyaeleza. Nami nilikaa mbele yake majuma kadhaa kabla ya harusi yangu. Nilitarajia Maandiko. Nilipata Maandiko kidogo na besiboli nyingi.

"Unaona ile mwenye fimbo?" aliniuliza siku ya kwanza. Televisheni alikuwa ameizima sauti kwa heshima yangu, lakini heshima haikufika mpaka kwenye picha. "Ile ni mmoja wa wapigaji wakubwa wa sasa. Ku mara kumi, anapata tatu. Saba anarudi kuketi na haya. Na wanamupigia makofi, watoto wanavaa jina yake ku mugongo. Bon. Sasa weye, bwana yako akikusikiliza mara tatu ku kumi, usikuje kunililia hapa. Utakuwa umepata nyota."

"Na zile saba, Mama?"

"Zile saba unaenda kuketi. Unangojea zamu yako."

Nimekaa kwenye ndoa miaka mingi sasa. Mume wangu, Baba Elia, bado hajafika tatu, lakini kila nikitaka kulalamika nakumbuka kwamba mwanamke pekee wa kumlalamikia ana viwango vya chini namna hiyo.

Mchezo wenyewe aliupata kazini, kama wenzake wanavyopata maumivu ya mgongo. Alikuwa anamtunza mzee mmoja wa kizungu nyumbani kwake, mtu aliyepigwa na kiharusi akabakiwa na mkono mmoja na maneno machache, mengi yakiwa matusi. Kazi ilikuwa kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, na kukaa. Kukaa ndiko kulikomshinda. Mzee aliangalia besiboli tangu theluji inayeyuka mpaka majani yanaanguka, na mtu mwenye akili timamu, alisema Mama Mshauri, hawezi kutazama wanaume wanajikuna kwenye majani mchana kutwa bila kuuliza wanangojea nini.

Aliuliza. Mzee hakuweza kueleza. Alichoweza ni kuuinua ule mkono wake mzima jambo lilipokuwa karibu kutokea, na kuuteremsha lilipokuwa limeshindikana. Mama Mshauri alijifunza mchezo mzima kwa kuangalia mkono huo. Ndiyo maana nusu ya sheria hazijui mpaka leo. Hakujua kwa nini mtu mwingine mpira wake ukidakwa anatoka, na mwenzake aliyesimama pembeni anaruhusiwa kukimbia. Ukimuuliza alikasirika. "Haiko ya kueleza," alisema. "Ni ya kuketi."

Mzee alifariki mwezi wa tisa. Mama Mshauri hakumsamehe. "Mtu anangojea mwaka muzima," alisema pale mazishini, akiwa amesimama karibu na binti wa marehemu, kwa Kiingereza chake cha hospitali, "halafu anaenda mwezi wa tisa. Si angevumilia kidogo?" Sisi tuliokwenda naye tuliangalia chini. Yule binti alicheka, akaendelea kucheka mpaka ikawa si kicheko tena, na Mama Mshauri akamshika kichwa akakiweka begani, kama alivyokuwa akifanya na sisi.

Mwezi uliofuata aliangalia mechi zote za mwisho. Alisema anaziangalia kwa niaba ya marehemu. Mwaka uliofuata aliangalia tena, na hakutaja niaba ya mtu.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa mtaalamu. Watu wakisikia habari zake hufikiri ni mmoja wa wale wanaojua kila kitu kimyakimya. Yeye hakujua mambo mengi, na hakuwa kimya. Majina ya wachezaji yalimshinda kutamka, kwa hiyo aliwabatiza upya, na ubatizo wake haukufuata utaratibu. Kulikuwa na Mnene, mpigaji wa zamani sana aliyemwona kwenye picha zisizo na rangi, ambaye Mama Mshauri aliamini kabisa kwamba alikuwa akicheza huku anakula. Kulikuwa na Kiwiko, mrushaji aliyeumia mkono akaendelea kurusha. Kulikuwa na Shemeji, mtu mrefu mwenye adabu aliyekuwa akipangusa viatu kabla ya kupiga, na ambaye, kama asingekuwa marehemu na kama wazee wangeafiki, angemfaa dada yake mdogo.

Wakubwa wa nyakati zote aliwapanga mwenyewe, na sharti la kwanza la kuingia lilikuwa kufa. Baba Elia, ambaye ni mtu wa kandanda na huja kwenye mazungumzo haya kwa ajili ya chai tu, alijaribu siku moja kumtetea kijana fulani ambaye televisheni nzima ilikuwa ikimsifu.

"Mama, huyu wanasema hajawahi kutokea kama yeye."

"Bado anaishi."

"Na kuishi ni kosa?"

"Mutu akiwa muzima anaweza kuharibu bado. Kesho anakamatwa na mambo ya dawa, ama anaenda kwa timu ingine juu ya tamaa. Ngojea akufe, tutaongea."

Juu kabisa ya wote, juu ya Mnene na juu ya Shemeji, aliwaweka watu ambao hakuwajua hata kwa sura: wale wachezaji weusi wa zamani waliokatazwa kucheza na wazungu, wakawa na ligi yao wenyewe. Aliwasikia kwenye kipindi kimoja cha televisheni, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na mjadala.

"Mama, lakini hakuna hata video zao," nilimwambia. "Utajuaje walikuwa wakubwa kuliko wote?"

"Njo sababu. Hakuna mutu anaweza kunionyesha siku walikosa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anachambua maharage kwenye sinia, akaendelea kuchambua. "Walifungiwa mulango," alisema. "Wakacheza inje. Na wale wa ndani wakakuwa wanatoka kidogo kidogo kuja kuangalia. Weye unataka video ya nini?"

Alikuwa mtu wa kupinga mambo aliyoyafanya. Televisheni, kwa kauli yake mbele ya akina mama, ilikuwa mdomo wa Shetani uliowekewa kioo. Alikataza kucheza kamari, hata ile ya kukwangua kikaratasi dukani, lakini katika mwezi wa kumi aliweka nadhiri na Mungu ambazo mchungaji yeyote angeziita kamari, kwamba Kiwiko wa mwaka huu akitoka salama, yeye atasamehe mtu fulani. Kuna wanawake watatu pale Louisville waliosamehewa kwa njia hiyo, na mmoja ambaye bado anangoja kwa sababu mrushaji aliharibu mwishoni.

Timu yake hukuijua kamwe. Alianza upande wa waliokuwa nyuma. Wakifika mbele aliwaacha. "Hawa sasa wamekuwa wakubwa," alisema kwa kuchoka, kama mama aliyemaliza kulea, akahamia kwa wale wengine. Kwa hiyo kila mechi iliisha akiwa upande wa aliyeshindwa, na kila mwaka alishangaa.

Miji yote mitatu aliyokaa Amerika, yaani Louisville, Columbus na Buffalo, ina timu za daraja la pili tu. Wanaocheza humo ni vijana wanaosubiri kuitwa kwenye timu kubwa, pamoja na watu wazima waliowahi kuitwa wakarudishwa. Mji wenye timu kubwa hakupewa. Alisema waliokuwa wanapanga wakimbizi waende wapi walimfanyia hivyo kwa makusudi.

Siku moja kanisa la Louisville lilipata tiketi za bure za timu yao, tukaenda wote na watoto. Mama Mshauri alikuja na kitenge chake cha sikukuu na uso wa mtu aliyepelekwa kwa daktari wa meno. Alikaa. Alikula karanga. Kulikuwa na kijana mmoja mdakaji, mfupi, ambaye kila mpira uliofika kwake uliishia mikononi mwake. Mama Mshauri alimwangalia kwa muda mrefu.

"Ile anafanya nini hapa?" aliuliza. "Na anacheza vizuri hivi?"

"Anangojea simu," Baba Elia alimweleza. "Wakimhitaji juu, wanampigia."

"Amengoja wakati gani?"

"Sijui huyo. Wengine ni miaka."

Alikunja karatasi ya karanga, akaitia kwenye mkoba, akainuka akaenda. Nilimfuata nikidhani ameugua. Nilimkuta ndani ya basi dogo la kanisa, kwenye maegesho, jua likimwakia usoni, mkoba mapajani.

"Kambini, kila asubuhi tulikuwa tunaenda kwa ubao kuangalia kama jina imetoka ya kusafiri," aliniambia. "Kuko watu walizaa watoto, watoto wakaota ndevu, bado wanaenda kwa ubao. Sasa nikuje Amerika, niketi ku kiti, nikule karanga, niangalie mutu anangojea? Hapana. Siku wanamwita, nitamuangalia."

Alibaki humo mpaka mchezo ulipokwisha. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akiniomba nitazame kwenye simu kama yule mdakaji ameitwa. Hakuitwa. "Nipe namba yake," alisema mwishowe, "nitamupigia miye."

Mambo ya Columbus ndiyo watu wanayoyakumbuka, na huyasimulia vibaya, kwa hiyo niyaweke sawa.

Mimi na Baba Elia tulihamia Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, kwa sababu ya kazi za maghala, tukawaleta wazazi wangu na mdogo wangu Riziki. Mama Mshauri alikuja mwaka uliofuata na kijana wake. Kanisa la huko likampa kazi ileile bila hata kumuuliza, na yeye akaipokea bila hata kushukuru.

Riziki alikuwa anaimba kwaya na kuuza viatu dukani. Alipata mimba. Kijana mhusika aliondoka kwenda jimbo lingine kutafuta maisha, ambayo inaonekana bado anayatafuta. Wazee wa kanisa walikaa wakaamua kwamba Riziki asimamishwe mbele ya watu na kutengwa. Asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma. Baba yetu ni mmoja wa wazee hao. Alisema nyumbani, kwa sauti ya chini ambayo huitumia akiwa amekwisha kuamua, kwamba kanisa likimtenga naye atamtoa nyumbani, kwa maana hawezi kuwa na sheria mbili. Mama alilia. Riziki hakulia. Alianza kukunja nguo zake.

Kikao kiliwekwa jioni, katika juma la kufunga na kuomba, ambalo Mchungaji, kwa sababu zake za kiroho, alilipanga mwezi wa kumi.

Ndugu wa anayetengwa hawaruhusiwi kusema. Tulikaa tu. Riziki alisimama mbele, mikono imeshikana juu ya tumbo ambalo lilikuwa bado halionekani vizuri, akitazama zulia. Mama Mshauri alikaa benchi la kwanza, kama ilivyompasa, na mimi nilikuwa nyuma yake. Siku hiyo alikuwa amejifunga kilemba kikubwa kuliko siku nyingine za kufunga, kimeshuka mpaka kikafunika masikio yote mawili. Niliona waya. Ulikuwa mwembamba, unatoka chini ya kilemba unaingia kwenye blauzi. Nilielewa mara moja. Ilikuwa siku ya mechi ya kuamua nani anaendelea na nani anarudi nyumbani. Dada yangu anatengwa, na mshauri wa akina mama anasikiliza besiboli. Sikumbuki kama nimewahi kumchukia mtu namna ile.

Mchungaji alisoma aliyosoma. Kisha akafika mahali pa desturi. Kabla ya kumtenga mtu, Mchungaji huuliza mara moja kama kuna anayesimama pamoja naye. Anayesimama anakuwa amejitwika. Atamchunga huyo mkosaji, na atajibu kwa ajili yake mbele ya kanisa. Swali hili huulizwa kwa heshima tu. Sijawahi kusikia mtu akisimama.

"Yuko mtu hapa," Mchungaji aliuliza, "anayesimama na binti huyu?"

Mama yangu, pembeni yangu, aliinamisha kichwa. Halafu, mbele yangu kabisa, Mama Mshauri akaruka juu kama mtu aliyechomwa, mikono yote miwili hewani, akasema, "Yesu."

Kanisa zima likamgeukia. Mchungaji alivua miwani.

"Mama Mshauri?"

Alisimama pale mikono juu, kichwa kimeinama kidogo upande. Nilimwona anasikiliza. Kisha mikono ikaanza kushuka, polepole, mpaka mabegani, mpaka kiunoni. Aliingiza kidole chini ya kilemba, akavuta kile kisikilizi, akakisokomeza kifuani bila kujificha sana. Lakini hakuketi.

"Niko nasimama," alisema.

"Pamoja na huyu binti?"

"Kuko mwingine amesimama hapo mbele?"

"Mama, unajua maana yake," Mchungaji alisema kwa upole. "Utajibu kwa ajili yake."

"Nitajibu. Donc, tuanze?" Akawageukia wazee waliokaa pembeni, mstari mzima, suti na tai. "Niliketi na mabibi wenu. Na mabinti wenu. Wengine hapa niliketi nao mwezi wa tatu, na harusi ikaharakishwa mwezi wa ine, na mutoto akazaliwa mwezi wa nane, kilo ine, mkasema ni mtoto wa kabla ya wakati. Nikanyamaza. Mnataka nijibu sasa? Nianze ku benchi gani?"

Mzee mmoja alikohoa. Baba yetu alikuwa akitazama Biblia yake kwa makini, na ilikuwa imefungwa.

"Huyu alianguka, ndiyo," aliendelea, na sauti ikashuka. "Alikuja hapa na miguu yake. Amesimama mbele yenu na tumbo yake. Ile kijana, hakuna hata mumoja ameniuliza iko ku jimbo gani. Bon. Mukimutenga, munitenge naye. Nitaketi kule nyuma. Na kule nyuma nitaongea."

Mchungaji aliomba sala ndefu sana. Aliombea mataifa, akaombea wasafiri, akaombea viongozi wa nchi tulizokimbia. Alipofika amina, habari ya kutenga haikutajwa tena. Riziki alirudi akakaa kati yangu na mama. Baba aliendesha gari mpaka nyumbani. Asubuhi alimkuta Riziki mlangoni anasubiri basi la kwenda kazini, na baridi imeanza, akamwambia, "Ingia garini." Hayo ndiyo maneno yote aliyoyasema kuhusu jambo hilo, na kwa baba yetu ni hotuba.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini watu walianza kusimulia kwamba Roho alimwinua Mama Mshauri. Mama mmoja alisema aliona mwanga. Mhubiri mgeni kutoka Louisville aliliweka jambo hilo kwenye mahubiri yake, likiwa limekua. Jumapili ya tatu ya habari hizo, wakati wa ushuhuda, Mama Mshauri alienda mbele akashika maikrofoni.

"Haikukuwa Roho," alisema. "Ilikuwa mpira. Nilikuwa nasikiliza besiboli ku sikio, na siku ya kufunga. Mpira ilipigwa mbali, nikaruka. Musimusingizie Mungu."

Akarudisha maikrofoni akaenda kuketi.

Aliondolewa kwenye ushauri juma hilohilo, kwa kosa la kufanya hila wakati wa maombi. Hivyo kanisa lililokosa kumtenga msichana likapata mtu wa kumtenga, na roho za wazee zikatulia. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetaka kwenda mbali zaidi. Alisema kama aliyesimama hakusimamishwa na Roho basi kule kusimama hakuhesabiki, na suala la Riziki lirudi mezani. Mchungaji, ambaye nimemsema vibaya na sitaki mumwone mbaya, alimjibu, "Alisimama. Mimi sikuuliza alisimamishwa na nini."

Mama Mshauri alikaa benchi la nyuma mwaka mzima. Kutoka Jumapili ya kwanza Riziki alitoka kwenye kwaya, bila kufukuzwa na mtu, akaenda kukaa naye, na baadaye wakakaa watatu, mtoto akilala katikati yao. Kijana wake Mama Mshauri alipopata kazi kiwandani Buffalo, walihama. Wazee walimwandalia maombi ya kumuaga. Hakuja. Ulikuwa mwezi wa kumi.

Tulimwona mwaka jana. Mimi na Riziki tulipanga safari kwa muda mrefu, tukaiahirisha kwa sababu ya shifti, tukaiahirisha kwa sababu ya gari, na mwishowe tukaenda kwa sababu kijana wake alipiga simu akasema macho ya mama yamekwisha. Sukari iliyachukua, moja kisha jingine. Riziki aliendesha. Mtoto wake, msichana, alikaa nyuma na vitabu vyake, na kila nilichomuuliza kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza, kwa adabu.

Anakaa Riverside, mtaa wa Buffalo, kwenye nyumba ndogo ya mbao. Ukisimama barazani unasikia upepo wa mto Niagara ukija bila kizuizi, na ng'ambo ni Kanada. Mtaa mzima ulikuwa na bendera za mchezo mwingine, ule wa kugongana vichwa, ambao ndio mji huo unaoujali. Nilimkuta kwenye kochi, mbele ya televisheni kubwa, karibu kiasi cha kuigusa, kilemba kichwani, amekonda. Alimshika Riziki uso kwa mikono yote miwili, akaushika na wa mtoto, akaugeuza upande huu na upande ule kama anayekagua papai.

"Huyu anafanana na nani?" aliuliza.

"Na mimi," Riziki alisema.

"Asante Mungu."

Riziki akaenda jikoni kupika sombe ya majani ya muhogo, mtoto akamfuata. Mimi nikaambiwa niketi.

"Sasa uniambie," alisema. "Miye naona mwangaza na kijani tu. Nauliza kijana wangu, ananiambia, 'Wamekosa, mama.' Nusu saa, 'Wamekosa, mama.' Ile si kusimulia, ile ni tangazo la kifo."

Nilikuwa nimemcheka miaka yote hiyo kuhusu besiboli, na sasa nilitakiwa kuitangaza. Nilitazama kioo.

"Kuna mmoja ameshika fimbo," nilisema.

"Eeh."

"Anangoja."

"Anangoja aje? Amebeba bega namna gani? Ile mwenye kurusha, uso iko aje?"

"Amekasirika."

"Amekasirika ama anaogopa?"

Nilitazama tena, na ni kweli, alikuwa anaogopa. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaegemea nyuma. Tuliendelea hivyo. Niliposema jambo la kijinga alinirekebisha, na marekebisho yake, nilivyoona kwenye kioo, mara nyingi yalikuwa na makosa. Nikamwambia kwamba anayekuja kupiga sasa watangazaji wanamhesabu katika wakubwa wa nyakati zote.

"Amekufa?"

"Yuko hapa amesimama, Mama."

"Basi wanaharakisha."

Mpigaji huyo alikosa, akarudi kuketi. Kukawa na matangazo ya biashara. Kutoka jikoni nilisikia Riziki na mtoto wanacheka jambo fulani, na Mama Mshauri naye alikuwa amegeuza kichwa huko akisikiliza. Nikaona nimuulize kitu ambacho sikuwahi kumuuliza.

"Mama, ile jioni ya Columbus. Ule mpira. Timu yako ilishinda?"

Alinyoosha kitenge magotini.

"Mpira ilidakwa," alisema.

"Ilidakwa?"

"Ilipigwa mbali, mutangazaji akapandisha sauti, watu wote wakapiga kelele, nikaruka. Kufika juu, ile mutu wa nyuma kabisa naye akaruka ku ukuta, akaidaka. Ikaisha. Tulishindwa."

"Lakini ulisema kanisani..."

"Nilisema ilipigwa mbali. Ilipigwa mbali."

Nilijaribu kupanga yale niliyoyaona siku ile. Mikono ikishuka polepole, kichwa kimeinama upande.

"Kwa hiyo ulikuwa umesimama bure," nilisema.

"Bure kabisa. Mikono juu, mbele ya kanisa muzima, juu ya mpira imedakwa. Nilikuwa naenda kuketi. Goti ilikuwa imeisha kukunja." Alionyesha goti kwa kiganja. "Nikafungua macho, nione kama Mchungaji amekasirika. Dada yako alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ananiangalia. Alikuwa ameisha kuamini."

Mechi ilirudi. Riziki akaja mlangoni na mwiko mkononi, akatutazama mmoja mmoja, akauliza tunazungumza nini kwa sauti za chini hivyo.

"Besiboli," Mama Mshauri alisema.

"Basi narudi jikoni," Riziki alisema, akarudi.

Mama Mshauri alingoja mpaka akasikia sufuria linafunuliwa.

"Na weye funga mudomo," aliniambia. "Sasa sema. Nani anapiga?"